Esha na Sinema za Mafungu

Sinema hizi za mizuka zinazotoka nchi za Asia mimi sizipendi, na sisemi hivyo kwa kusikia. Nimezitazama nyingi kuliko wanawake wenzangu wote wa Bongwe, kwa sababu binti yangu Esha ndiye anayezitafsiri. Siwezi kumwacha mtoto wa kike ndani ya ukumbi uliojaa vijana, halafu mimi nikae nyumbani nashona makuti kwa utulivu. Utulivu huo ningeutoa wapi? Huyabeba makuti yangu nikaketi nayo benchi la nyuma, karibu na mlango. Mikono inashona, macho yanatazama, moyo unanung'unika.

Nisizozipenda hasa ni zile ninazoziita sinema za mafungu. Sinema ni moja, lakini ndani yake mna hadithi tatu au nne, kila moja na watu wake na mzuka wake, kama nyanya zilizopangwa mafungu mafungu sokoni Ukunda. Ndiyo kwanza unaanza kumjua msichana, umejua anakaa na nani na anapenda chakula gani, mara amevutwa chini ya kitanda na habari yake imekwisha. Kioo kinakuwa cheusi, wanaletwa watu wengine kabisa. Ni kama kualikwa matangani kwa mtu usiyemjua, na kabla hujamaliza kutoa pole unashikwa mkono upelekwe matanga ya nyumba ya pili.

Tena mizuka yenyewe ni wanawake watupu. Mwanamume ndiye aliyedhulumu, ndiye aliyesukuma mtu dirishani, lakini akifa analala kimya kaburini. Mwanamke ndiye anayerudi, nywele zimemfunika uso, atambae ngazini, atokee kwenye beseni, apande na kushuka katika zile lifti zao. Hata akifa hapumziki! Na katika majumba yale marefu hakuna jirani. Msichana anapiga kelele usiku kucha na mlango wa pili haufunguki. Hakuna anayepiga hodi kuuliza kuna nini. Mama mtu yuko wapi? Kazini. Au kwenye simu, anasema atakuja kesho. Nami hapo hugombana na kioo peke yangu: njoo leo wewe mwanamke, kesho utamkuta nani?

Nikimwambia Esha maneno haya hucheka.

"Mama, hizi ndizo zinazosema kweli," huniambia. "Mtu hufa ghafla, na hadithi ya mwenzake inaendelea. Zile ndefu, mtu anapigwa risasi hamsini na hafi, ndizo za uongo."

"Kweli ninaiona bure hapa nje," humjibu. "Sihitaji kuketi kwenye benchi nionyeshwe."

Esha ni mtoto wangu wa kwanza. Alipozaliwa alipewa jina la mama yake baba yake, kama ilivyo desturi yetu, na kwa hiyo bibi huyo alikuwa akimwita "somo yangu". Tangu mdogo alikuwa na kipaji cha kuigiza sauti. Aliweza kumwiga muuza samaki akilalamikiwa, na mwalimu mkuu akikohoa kabla ya kusema neno. Alisoma sekondari Msambweni, akamaliza kidato cha nne. Kiingereza alikijua sana, lakini masomo mengine yalimwangusha na chuo hakupata. Akaajiriwa kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Wageni walipopungua, wafuaji ndio waliokuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Baba yake, Jaafar, analinda nyumba ya watu kulekule Diani na huja kwetu siku za Ijumaa. Alijaribu kumtafutia binti yake kazi kwa waajiri anaowajua, wakamwambia asubiri. Tunasubiri mpaka leo.

Kazi ya sinema ilikuja yenyewe. Kuna Mkamba anaitwa Muthoka, ambaye baba yake alikuja huku zamani kulima. Yeye Muthoka kilimo hakukitaka, akajenga ukumbi wa mabati kando ya barabara kwa ajili ya mipira na sinema. Watu wana simu zao, ndiyo, na ndani ya simu sinema zimejaa, lakini simu haikutafsirii. Kwa Muthoka palikuwa na dijei aliyekaa na maiki akiyageuza maneno kuwa Kiswahili wakati sinema inakwenda. Dijei huyo alipohamia Malindi, Muthoka alijaribu kutafsiri mwenyewe. Siku hiyo Esha alikuwa amekwenda pale kuchaji simu. Akamsikia Muthoka anasoma yale maandishi ya Kiingereza ya chini ya kioo neno moja moja, maandishi yanamkimbia, watu wanamzomea. Esha akamwomba maiki. Sinema ilipokwisha, watu walimwuliza Muthoka ni lini yule dada atatafsiri tena.

Nikiri kwamba anajua kazi. Maandishi hayajamaliza kutokea, yeye keshasema. Akiwa mzee, ni mzee. Akiwa mtoto mchanga, wanawake wenye maziwa hugeuka. Lakini mimi ni mama. Nikienda kisimani nasikia, "Huyo ndiye mama yake yule anayelia kama mzuka?" Hiyo ndiyo sifa ya kuposewa binti? Jaafar nikimlalamikia husema, "Mwache, kazi ni kazi." Yeye anasema hivyo kwa sababu hayuko huku kuyasikia.

Basi shida ilianza Muthoka alipoletewa na binamu yake rundo la sinema za mafungu. Huku kwetu mtu akienda kutazama sinema anamtafuta kwanza stelingi, yaani yule mkubwa wa hadithi. Akishamjua anatulia, kwa maana stelingi hafi. Anapigwa, anazama, anaanguka kutoka kwenye ndege, lakini mwishoni yuko. Sasa katika sinema ya kwanza ya mafungu aliyoitafsiri Esha, stelingi alikufa watu hawajamaliza hata karanga zao.

Chirau akasimama. Huyu ni kijana wa bodaboda, hakosi ukumbini, na mdomo wake hauna breki.

"We Esha! Huyo si ndiye stelingi?"

"Ndiye, kaka Chirau."

"Mbona amekufa?"

"Ndivyo ilivyo. Sasa inaanza hadithi nyingine."

"Nyingine ya nani? Mimi nimekuja kutazama moja! Stelingi hafi! Kama stelingi anakufa, basi hata mimi naweza kuwa stelingi!"

"Kwa sura hiyo?" akadakia mwanamke mmoja. "Wewe ungekuwa mzuka, tena bila kupakwa poda."

Watu walicheka, lakini Chirau alitoka, na nyuma yake wakatoka wengine, mpaka ukumbi ukabaki na mimi, watoto wawili waliolala, na Esha anayetafsiria mabenchi. Alimaliza sinema yote. Huo ndio ukaidi wake.

Muthoka alitungoja mlangoni.

"Mama Esha, mimi ni mtu wa amani," alisema. "Lakini Jumamosi wasee wakitoka tena katikati, hiyo maiki nampa jamaa mwingine wa Ukunda. Ako redi."

"Mpe leo," nikamwambia.

Esha hakunijibu pale. Njiani ndipo aliposema, bila kunitazama, "Mama, kule hoteli nilipewa glavu nikaambiwa nisiongee na wageni. Hii ndiyo kazi pekee niliyopata kufanya kwa mdomo wangu. Usimwambie tena ampe mwingine."

Nilitaka aiache kazi ile, lakini sikutaka anyang'anywe. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mama yeyote anayajua.

Wiki ile yote alihangaika namna ya kuwazuia watu wasitoke. Sinema nyingine Muthoka hakuwa nazo. Jioni moja alinisaidia kuchambua makuti, huku anauliza kama anajiuliza mwenyewe, "Nitawaambia nini akifa?" Mimi nilikuwa nimechoka na mzuka, nikabadilisha maneno. Nikamwambia namna alivyokunja uso vile amefanana na bibi yake.

"Bibi alikuwa amekwisha kufa nilipoingia shule," akasema.

"Amekufa vipi, na wewe somo yake upo? Nikimwita Esha, si unaitika?"

Aliacha makuti. Akanitazama kwa macho ambayo nilipaswa kuyaogopa pale pale.

"Mama, rudia."

"Nirudie nini?"

Hakuniambia. Akaingia ndani, nikamsikia anaongea peke yake kwa sauti tatu.

Jumamosi ilipofika, baada ya sala ya alasiri, ukumbi ulijaa, maana watu walikuja kuona kama Esha atazomewa. Muthoka alikuwa ameitoa spika moja akaitundika nje, imeelekea barabarani, ili wapitao wasikie waingie. Nilimwambia spika hiyo ina kelele. Akasema, "Kelele ndiyo bizna, Mama Esha."

Sinema ilianza. Msichana mmoja anakaa peke yake katika jumba refu, na lifti inampeleka ghorofa ambayo haipo. Majina yao ya kule watu hawayashiki, na ukisema "yule wa nywele ndefu" hujasema kitu, wote wana nywele ndefu. Kwa hiyo Esha huwapa majina ya huku. Nikamsikia anasema, "Twaiba akabonyeza namba, lifti ikakataa."

Mkono wangu ukasimama juu ya kuti.

Twaiba alikuwa binti wa jirani yetu Bi Mwanarusi, mjane, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, si mbali na ukumbi. Alikua pamoja na Esha, wakishirikiana hata sahani. Mwaka jana kabla ya Ramadhani aliugua tumbo, akafariki kabla hatujaelewa anaumwa nini. Alikuwa mtoto wa pekee. Na sasa jina lake lilikuwa linatangazwa na spika iliyoelekea kwa mama yake.

Nikampungia mkono Esha. Gizani haonekani mtu, na yeye ana visikizio masikioni, macho kwenye maandishi. Nikainuka, nikaambiwa keti mama tunaona mgongo wako. Nikasukumwa kwa adabu mpaka nikaketi. Twaiba wa kioo akafa ndani ya lifti. Kioo kikawa cheusi. Chirau akaanza kuinuka, nikasikia benchi likilia.

"Kaka Chirau, keti," Esha akasema kwenye maiki. "Twaiba amekufa, inna lillahi. Lakini Twaiba alikuwa na kaka, na kaka alipata binti, na binti akapewa jina la marehemu. Somo yake huyu hapa anakuja. Jina likiitwa, kuna anayeitika. Sasa niambie, stelingi amekufa au hajafa?"

Kisha Chirau akasema, "Endelea," akaketi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kwa watu wa huku hilo halikuhitaji maelezo. Nani hapa hana somo yake kaburini?

Hadithi ya pili ilikuwa ya msichana aliyefia mbali na kwao. Huko kwao, inaonekana, wafu huwekewa chakula, na huyu hakuna aliyemwekea. Anarudi nyumbani anafunua masufuria usiku, yote matupu. Mimi hadithi hiyo ilinigusa, sitasema uongo. Ndiyo pekee katika mafungu yote ambayo nilitaka iendelee. Wazee wetu wa Kidigo nao walisema wafu wao, waliowaita koma, huja ndotoni kuomba chakula. Masheikh wanatukataza, na kukataza kwao ni sawa, lakini ukiwa na marehemu wako na umemwota, utafanyaje? Utapika, uwaite watoto wale, useme ni sadaka. Esha naye alilia ile sauti kwa ustadi wake wote: "Mama, ni mimi Twaiba. Nina njaa. Mbona hamkunipikia?"

Hapo Muthoka akazima. Mafungu mawili yaliyobaki, akasema, ni kesho. Watu walitoka wakiliimba jina la Twaiba barabarani.

Nilimshika Esha mkono kabla hajavua visikizio vizuri.

"Majina yamekwisha duniani?"

Alinitazama bila kuelewa, halafu akaelewa. Akakaa chini.

"Lilinitoka tu, Mama. Nilitafuta jina la msichana, likaja la rafiki yangu."

"Na spika iko nje."

"Spika iko nje?"

Hakujua. Tulimwomba Mungu Bi Mwanarusi awe alikwenda shambani.

Asubuhi mtoto alibisha hodi na sahani iliyofunikwa kawa. Ndani yake kulikuwa na wali wa nazi na papa mkavu, chakula alichokipenda Twaiba kuliko vyote. "Nimetumwa na Bi Mwanarusi," mtoto akasema. "Ni sadaka. Anasema mwombeeni dua Twaiba."

Nilijua. Nilivaa buibui langu nikavuka barabara. Nilimkuta uani, amewatandikia watoto mkeka, wanakula, na yeye amekaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi anawatazama, uso wake umechangamka kama sijauona tangu mazishi.

"Shikamoo, dada Mwanarusi."

"Marahaba. Karibu, karibu mdogo wangu. Umekipata chakula?"

"Nimekipata, dada. Mungu akubarikie."

"Twaiba amenijia," akasema. "Jana, alasiri. Nilikuwa nimejilaza hapo barazani, usingizi bado haujanichukua sawasawa. Akaniita. 'Mama, nina njaa.' Kwa sauti yake! Mwaka mzima namwomba Mungu nimwote hata mara moja, simwoti. Jana ndio amekuja."

Hapa ndipo nilipokasirika na kila mtu. Nilimkasirikia Esha, nikamkasirikia Muthoka na spika yake, nikawakasirikia hata watu wa kule waliotengeneza sinema ya msichana mwenye njaa bila kujua itakuja kulizwa Bongwe. Nikisema kweli, ninamwua binti yake mara ya pili. Nikinyamaza, leo alasiri atamsikia tena, na mtu yeyote apitaye atamwambia huku anacheka. Afadhali asikie kwangu.

"Dada," nikasema, "ile ilikuwa sinema."

"Sinema gani?"

"Ya Muthoka. Spika imetundikwa nje. Aliyekuwa akisema ni Esha. Jina lilimponyoka, dada, hakukusudia. Walikuwa marafiki, unajua."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alibaki ananitazama, na uso ukawa unafungika taratibu mbele ya macho yangu. Watoto waliendelea kula.

"Mwanangu mmemfanya mchezo," akasema mwishowe. "Watu wanakula karanga, wanamcheka mwanangu."

"Hawakucheka, dada. Wallahi hawakucheka."

"Wewe wako yuko hai, unaweza kuniapia." Alisimama, akajifunga kanga. "Mwambie huyo binti yako leo nitakuja mwenyewe. Jina la mwanangu litolewe humo, nilisikie likitolewa kwa masikio yangu. Lisipotolewa naenda kwa mzee wa mtaa, na huo ukumbi utafungwa."

Nilikwenda kwa Muthoka kabla ya adhuhuri, Esha nyuma yangu. Muthoka alijikuna kichwa.

"Pole kwa mama, kwa kweli. Spika nitaiingiza ndani. Lakini jina? Mathee, watu wote wanakuja leo kwa sababu ya Twaiba. Chirau amebeba abiria tangu asubuhi akiwaambia habari ya Twaiba. Ukiwaondolea Twaiba watatoka, wakitoka maneno yangu ni yale ya wiki iliyopita. Yule jamaa wa Ukunda anakuja leo kutazama."

"Huna haya?" nikamwuliza. "Ni mtoto wa mtu!"

"Ni jina tu, Mama Esha. Twaiba wako wengi."

"Jina tu! Basi mtie binti yako Kavenya, tusikie na wewe ukifurahi."

Nikageuka kumwambia Esha tuondoke, amwachie mtu huyu maiki yake, Mungu hamtupi mja wake. Esha akasema, "Nitalitoa jina, na watu hawatatoka."

"Kwa jina gani?" Muthoka akauliza.

"Niachie mimi."

Angeniambia, ningemzuia. Ndiyo maana hakuniambia.

Alasiri ukumbi ulifurika mpaka watu wakasimama ukutani. Yule wa Ukunda alikuwepo, ameketi mbele amekunja mikono. Bi Mwanarusi alikuja amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Watu wakampisha, akaketi kando yangu bila kunisalimu. Makuti yangu sikuyabeba siku hiyo.

Kabla sinema haijawaka, Esha akasimama na maiki.

"Assalamu alaikum. Jana nilikosea jina. Nawaomba radhi, na kuna mtu mmoja hapa namwomba radhi kuliko wote. Msichana wa sinema haitwi Twaiba."

"Aaa!" akalia Chirau. "Usituharibie! Tunamtaka Twaiba!"

"Twaiba ni marehemu, kaka Chirau. Ana kaburi lake na ana mama yake. Ukimtaka, mwombee dua."

Kutoka ukutani mtu akauliza, "Basi huyu wa jana ni nani? Tumelizwa bure?"

"Ni Esha," akasema binti yangu. "Esha wa Jaafar, wa hapa hapa Bongwe. Tangu jana aliyekufa ni mimi."

Uchuro! Mtoto anajichuria mbele ya umati, kwenye maiki! Tangu anazaliwa nakataza mtu asitaje kifo chake hata kwa mzaha, nikimsikia mtu anasema "nikifa" humfunga mdomo kwa kiganja, na yeye anasimama na kukitangaza. Nilifungua kinywa nimkemee, na hapo hapo Muthoka akawasha sinema.

Fungu la tatu lilikuwa la mama. Sijui kama Esha alilijua, nafikiri alilijua, maana huzitazama peke yake kwanza. Mama mmoja wa kule, mwembamba, amevaa kizibao cha pamba, anafungua mlango wa chumba cha binti yake asubuhi. Binti yuko chini ya shuka, haonekani. Mama anavuta pazia. Anapanga viatu. Haoni kitu kibaya bado, lakini sisi tumeona, shuka halipandi wala halishuki.

Kisha yule mama akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

Si sauti ya kufanana. Ilikuwa yangu hasa, na ule ukali wangu wa asubuhi, na kile kikohozi ninachokohoa kabla ya kumwita mara ya pili. "Esha! Esha we! Jua limepanda, utalala mpaka lini? Esha, mwanangu, inuka." Hakuna aliyecheka. Wanaonijua waligeuka kunitazama, kisha wakarudisha macho kwenye kioo. Mama wa kule akakaribia kitanda. "Esha, usinifanyie mzaha. Itika. Sema abee."

Nilijua binti yangu amekaa pale pale, hatua chache mbele yangu, mzima, anapumua kwenye maiki. Nililiona bega lake. Hata hivyo nilishindwa kutulia, nikaanza kuinuka nikamshike, na mkono ukanizuia. Ulikuwa wa Bi Mwanarusi. Ulikuwa umenishika kifundo, si kwa nguvu.

"Sasa umesikia," akaniambia.

Hakulisema kwa kunisuta. Angenisuta ningemjibu, maneno ninayo. Lakini alilisema kama mtu anayekusogezea nafasi kwenye benchi. Nikaketi tena kando yake, na mbele Esha alikuwa bado anamwita Esha kwa sauti yangu, anambembeleza, anamtisha, anamwahidi mambo ambayo mimi sijapata kumwahidi. Yule wa Ukunda alikuwa amekunjua mikono. Muthoka alisimama mlangoni, anaangalia kama kuna atakayetoka. Hakuna aliyetoka.